Kufunga masega mapya kwenye Subaru Impreza WRX ukiwa nyumbani: soma hii kabla hujapandisha jeki

Wadau, leo naongelea masega ya ekzosi. Wapo wakisikia masega wanafikiria nyuki, lakini mwenye Subaru ya tabo anajua nazungumzia nini. Ni lile kopo la chuma lililo kwenye bomba la moshi, ambalo fundi akiliona tu anakwambia "hili tutoe, linakuzibia gari". Jina la vitabuni ni kataliti. Mafundi wetu wanaita masega kwa sababu ukichungulia ndani unaona vitundu vidogo vidogo vimepangana kama sega la asali.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya kilichompata broo wangu. Ana Impreza WRX ya 2002, lile umbo la GDA. Gari lilianza kukosa nguvu, mlima wa Kitonga likawa linapanda kama lori la mahindi. Fundi akasema masega yameziba. Akakata kopo, akatoa vya ndani, akachomelea, akarudisha. Kelele zikaongezeka, nguvu ikabaki ile ile. Kama wiki tatu baadaye shemeji akaanza kulalamika kichwa kinamuuma kila wakikaa foleni ndefu vioo vikiwa juu. Kuja kuangalia, ile sehemu iliyochomelewa ina tundu, moshi unapanda mpaka ndani ya gari. Na ugonjwa wenyewe je? Fundi mwingine alipima kwa mashine akakuta koili moja ya plagi imekufa. Koili ikabadilishwa, gari likaruka. Masega ya kiwandani yalishauzwa siku nyingi. Inawezekana nayo yalikuwa yameanza kuharibika, hatutajua tena.

Kwa hiyo tulinunua mengine tukafunga wenyewe uani. Haya ndiyo niliyojifunza, pamoja na mengine niliyoyasoma kabla ya kushika spana.

Masega yanafanya nini hasa

Ndani ya kopo kuna tofali la kauri (mengine ni la bati jembamba la chuma) lenye vitundu mamia. Kuta za vitundu zimepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu kwa kiasi kidogo sana. Moshi ukipita, kaboni monoksaidi inageuzwa kuwa kaboni dioksaidi, petroli ambayo haikuungua inageuzwa kuwa maji na kaboni dioksaidi, na zile oksaidi za naitrojeni zinarudishwa kuwa naitrojeni ya kawaida. Kazi hii haianzi mpaka masega yapate moto, kama nyuzi 250 hadi 300 za sentigredi. Ndiyo maana gari likiwashwa asubuhi linanuka zaidi ya saa sita mchana.

Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Ile harufu unayoisikia ni ya vitu vingine vilivyomo kwenye moshi. Gari lisilo na masega halafu lina tundu kwenye bomba linakuingizia sumu hiyo nyingi kuliko gari lenye masega mazima, na dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na usingizi. Sasa fikiria dereva wa usiku, Dar hadi Mbeya.

Kuhusu bei ya hayo madini, Machi 2021 rodiamu ilifika karibu dola 29,000 kwa aunsi moja, baadaye ikashuka sana. Lakini hata baada ya kushuka kopo la zamani bado lina hela. Kwa hiyo fundi akikwambia "nikutolee bure, wala hunidai kitu", jua hakuna cha bure hapo. Kopo lako ni mali yako, hata kama limekufa. Ondoka nalo.

Kwenye Subaru yanakaa wapi

GDA na GDB zilitengenezwa kuanzia 2000 hadi 2007, yaani hata iliyo changa kabisa ni gari la makamo sasa. Injini ni EJ20, pistoni zimelala kulia na kushoto. Moshi unatoka chini ya injini pande zote mbili, unakutana, unapanda kwenye bomba la kupandisha hadi kwenye tabo iliyo juu nyuma ya injini upande wa kulia. Ukitoka kwenye tabo unashuka kwa bomba ambalo mafundi wanaliita daunipaipu, na humo ndimo yanamokaa masega makubwa. Mengine yanaweza kuwepo mbele zaidi chini ya gari, kutegemea gari lilitengenezwa kwa ajili ya nchi gani.

WRX zilizouzwa Marekani 2002 hadi 2005 zilikuwa na masega madogo ndani ya lile bomba la kupandisha, yaani KABLA ya tabo. Hapo ndipo pabaya. Yakipasuka vipande vyake vinaingia moja kwa moja kwenye mapanga ya tabo. Gari lako likiwa na ya namna hiyo usiyapuuze. Wengi wanabadilisha bomba zima wakaweka tupu, wakabaki na masega makubwa ya baada ya tabo.

Nyingi za hapa zimetoka Japani, na Japani gari binafsi linakaguliwa kwa ukaguzi wao wa shaken, mara ya kwanza likifika miaka 3 halafu kila miaka 2, na moshi unapimwa. Kwa hiyo gari kushuka bandarini likiwa na masega yake ni jambo la kawaida. Likikutwa tupu, mara nyingi limefanywa tupu huku kwetu.

Halafu kuna hii imani ya vijana kwamba ule mngurumo wa Subaru, ule wa kubeuabeua, unapatikana kwa kutoa masega. Hapana bwana. Mngurumo ule unatokana na mabomba ya moshi ya upande mmoja kuwa marefu kuliko ya upande wa pili, kwa hiyo moshi unafika kwa kupishana. Ndiyo maana STI za Japani zenye tabo ya njia mbili, ambazo mabomba yake yanalingana, hazina mngurumo huo hata uzitoe masega yote. Ukitoa masega unaongeza kelele tu.

Masega hayafi yenyewe

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, naomba tukae kidogo. Ukifunga masega mapya bila kujua nini kiliua ya zamani, utarudi chini ya gari baada ya miezi michache.

Muuaji namba moja ni silinda isiyochoma. Plagi imechoka au koili imekufa, petroli inatoka mbichi, inakwenda kuungulia ndani ya masega. Joto linapanda mpaka kauri inayeyuka na kuziba. Ile taa ya injini kwenye dashibodi ikiwa inawaka na kuzima-zima, si kuwaka tu moja kwa moja, mara nyingi inakwambia hilo hilo: acha kukanyaga mafuta, unachoma masega sasa hivi.

Wa pili ni oili. Tabo iliyochoka inavujisha oili kwenye moshi, ringi za pistoni nazo hivyo hivyo. Oili ya injini ina fosforasi na zinki ndani yake, vinajipaka juu ya yale madini na kuyafunika. Ukiona moshi wa bluu asubuhi, tibu hiyo kwanza. Maji ya rejeta yakiingia kwenye silinda kupitia gasketi ya hedi nayo yanaharibu, na EJ20 za umri huu gasketi za hedi si habari ngeni.

Kulikuwa na muuaji wa nne, petroli yenye risasi. Huyo alishazikwa: nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia Januari 2006, na nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, 2021. Mzee akikwambia masega hayafai Afrika kwa sababu ya petroli yetu, anaongea habari za kabla ya hapo.

Jinsi ya kujua kama kweli yamekufa. Gari likiwa limepoa kabisa, gonga kopo kwa nyundo ya raba au kwa ngumi. Ukisikia vitu vinacheza ndani, tofali limevunjika. Ila angalia, Subaru zina mabati ya kukinga joto yanayoshika kutu na kulegea, yanapiga kelele kama debe la senti. Shika bati kwanza ndipo ugonge. Nimeshaona mtu anataka kununua masega kumbe shida ni klipu ya bati.

Kwa kuziba, tumia geji ya vakyumu kwenye mpira wa manifoldi ya hewa. Injini nzima ikiwa sailensa hapa Dar inasoma kama inchi 17 hadi 21. Nairobi iko mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, huko itasoma chini zaidi, usishtuke. Panda hadi mizunguko 2,500 ushikilie hapo. Kama mshale unashuka polepole na kuendelea kushuka, moshi hauna pa kutokea. Kama mshale unabaki imara lakini gari halina nguvu, tafuta mchawi kwingine.

Ukipima kwa mashine ikaleta P0420, maana yake kompyuta inaona sensa ya nyuma ya masega inasoma karibu sawa na ya mbele, yaani masega hayafanyi kazi. Lakini bomba linalovuta hewa karibu na sensa linaweza kuleta namba hiyo hiyo. Ziba uvujaji kwanza.

Kununua

Kuna aina mbili. Ya kwanza imetengenezwa kwa gari lako, ina flanji zake na tundu la sensa, unafunga kwa bolti. Ya pili ni kopo tu lenye ncha mbili, linachomelewa kwenye bomba lako. Ya kwanza ni ghali, ya pili ni rahisi lakini inategemea mkono wa fundi. Kwa kazi ya nyumbani bila mashine ya kuchomelea, chukua ya kwanza. Kama huna budi kuchukua ya pili, fungua bomba mwenyewe ulipeleke kwa mchomeleaji likiwa mkononi. Kuchomelea chini ya gari, karibu na mabomba ya petroli na betri ikiwa imeungwa, ndiko kunakounguza magari na kompyuta zake.

Usitegemee mapya ya dukani yadumu kama ya kiwandani. Wamarekani wenyewe, kwenye kanuni zao za 1986, walitaka masega ya kubadilishia yafanye kazi angalau maili 25,000, kama kilometa 40,000. Ya kiwandani waliyabana kwa dhamana ya miaka 8 au maili 80,000. Tofauti iko kwenye kiasi cha madini yaliyopakwa. Ya Ulaya yaliyoidhinishwa yana alama ya herufi E kwenye duara na namba, imegongwa kwenye kopo. Ya California yana namba ya kibali pia. Kopo halina alama yoyote, jepesi kama kopo la maziwa? Chungulia kwa tochi. Kuna feki zina manyoya ya chuma tu ndani, mengine hayana kitu kabisa.

Utasikia pia habari za vitundu: ya kawaida yana kama vitundu 400 kwa inchi moja ya mraba, ya michezo kama 200. Ya michezo yanapitisha moshi kwa urahisi zaidi, ila kwa gari la tabo si zawadi ya bure. Moshi ukipita kirahisi tabo inazunguka zaidi, presha ya hewa inaweza kupita kiwango ambacho kompyuta inakitegemea, kompyuta itakata mafuta au, mbaya zaidi, pistoni itaumia. Ukiweka ya 200 panga na hela ya kurekebisha programu ya injini. Broo alichukua ya 400. Mimi naona alifanya la maana.

Kufunga

Jioni ya kabla nyunyizia nati zote mafuta ya kulegeza kutu, rudia asubuhi. Gari lisiwe limewashwa siku hiyo. Masega yanafanya kazi kwenye joto la nyuzi mamia kadhaa na yanachelewa kupoa, ngozi ya mkono haitaki majadiliano.

Fanyia kazi nje, kwenye sakafu ya simenti iliyonyooka. Jeki ni ya kunyanyulia tu, gari linakaa juu ya stendi nne. Si matofali. Tofali linapasuka bila kukuaga, na wewe uko chini. Sukuma gari kwa nguvu kabla hujaingia. Likicheza, anza upya. Toa waya hasi wa betri. Vaa miwani, kutu inadondokea machoni.

Anza juu. Ondoa intakula iliyo juu ya injini, na ufunike midomo ya mipira kwa tambara safi, bolti ikidondokea humo umeongeza kazi ya siku nzima. Ondoa bati la kukinga joto la tabo, hizo bolti ndogo ndizo zinazokatika sana. Sasa utaona flanji ya tabo na daunipaipu, ina vifungo vitano, na vya chini ni vya kupapasa. Usivilazimishe. Nati ikigoma, rudisha kidogo kwa kukaza, kisha legeza, nyunyizia, subiri. Kukata stadi ya tabo ni kumwita fundi wa kutoboa, hapo faida ya kufanya mwenyewe imekwisha.

Kama daunipaipu ina sensa ya oksijeni, itoe kwa soketi yake yenye mpasuo, namba 22. Usivute waya, na usiidondoshe, ndani kuna kauri. Kisha nenda chini: kuna bolti ya kishikio kwenye giaboksi, watu wanaisahau halafu wanashangaa bomba haling'oki, na kuna muungano wa kwenda bomba la nyuma. Bomba ni zito, uwe na mtu wa kulipokea. Kama tofali la ndani limevunjika usipulize vumbi lake kwa mdomo wala kwa kompresa. Vaa barakoa, funga kwenye mfuko.

Kabla hujafunga jipya, chungulia bomba la nyuma na sailensa. Vipande vya kauri vya zamani vinasafiri na kwenda kuziba huko. Sisi tulikumbuka hili baada ya kumaliza, tukafungua tena. Mulika na mdomo wa tabo, uzungushe mapanga kwa kidole, yasiguse ukuta.

Gasketi zote ziwe mpya, na ziwe za chuma za gari hilo. Usipake gundi ya silikoni kwenye ekzosi, mvuke wake unaua sensa na joto linaichoma. Kama kopo lina mshale, uelekee nyuma ya gari. Nyuzi za sensa pakaa kidogo grisi ya kuzuia kugandamana, lakini ncha isiguswe na kitu chochote.

Kaza kila kitu kwa mkono kwanza. Kila kitu, juu na chini, hadi kishikio cha giaboksi. Halafu tikisa bomba likae lenyewe, hakikisha haligusi bodi wala propela shafti, ndipo ukaze kwa kupishana, kidogo kidogo, flanji ya tabo kwanza na vishikio mwisho. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, flanji inapinda na itavuja maisha yote. Rudisha mabati YOTE ya kukinga joto. Juu ya injini kuna waya na mipira, na chini, ukiegesha kwenye majani makavu, masega yenye moto bila bati yanaweza kuyawasha.

Rudisha intakula, betri, washa. Dakika za kwanza kutakuwa na moshi na harufu ya oili ya kiwandani, inaisha. Mtu mmoja azibe kidogo mdomo wa ekzosi kwa tambara nene lililolowa, mwingine asikilize kwenye maungio. Ukisikia "tss tss" zima, subiri ipoe, kaza. Povu la sabuni linasaidia kwenye maungio ya chini wakati bado ni ya baridi. Sensa ya nyuma isipokuwa na uvujaji, futa namba kwenye mashine na uendeshe siku kadhaa kabla ya kuhukumu. Baada ya kama kilometa 200 ingia tena chini, gari likiwa baridi, ukakaze nati zote mara ya pili. Chuma kikipata moto na kupoa kinalegea, na kwetu nati mbili za chini zilizunguka karibu robo duara.

Shemeji hajalalamika kichwa tena. Kitonga wanapanda gia ya tatu.

Nawasilisha.